Kwenda Nairobi Kufundishwa Kupiga Kelele

Mwimbaji wa bendi ya hoteli Mombasa haimbi anachopenda, huimba anachoombwa. Saa mbili usiku wageni wanataka "Jambo Bwana", wimbo wa Them Mushrooms uliotoka mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ambao haujapumzika tangu hapo. Ikifika saa nne, meza za karibu na baa zimeshachangamka, wanaanza kuomba roki: Queen, AC/DC, Guns N' Roses. Mimi nimelelewa na taarabu ya harusini. Sauti yangu inajua kuvuta na kukata, kukwaruza haikufundishwa. Jumapili asubuhi nilikuwa naamka koo limefunga, siwezi hata kumwamkia mama.

Mpiga gitaa wetu ndiye aliyenipa namba ya mwalimu, mwanamke aliyeimba roki katika baa na matamasha ya Nairobi tangu ujana wake, sasa anafundisha nyumbani. Kabla ya hapo nilikuwa sijawahi kupita Voi. Nikaomba ruhusa kwa kiongozi wa bendi, akanipa shingo upande.

Nilichukua treni ya asubuhi, ile inayosimama njiani. Stesheni ya Miritini abiria hupanga mizigo chini kwa mstari, kisha wanasogea kando mbwa wa polisi wapite wakiinusa. Begi langu halikuwapendeza. Mlikuwa na kanga, sweta la kuazima, na mrija wa kunywea soda ambao mwalimu alisisitiza nisiusahau. Baada ya Mariakani minazi ikatuaga. Tsavo reli imeinuliwa juu ya tuta, chini yake zimeachwa njia za tembo, na nikawaona kweli, wekundu kwa ule udongo wanaojipaka. Mtoto wa kiti cha mbele akapiga ukelele mkali, wazi, bila kukwama popote. Nikamwonea wivu. Mtito Andei, Kibwezi, Emali, halafu usingizi.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na mtu wa Pwani hahitaji kuambiwa. Hewa ilikuwa kavu, baridi ikanishika masikio hata kabla sijatoka stesheni. Garimoshi la mjini, matatu moja yenye muziki wa kutikisa mbavu, nikafika.

Nilitarajia chumba chenye spika kubwa na mabango ya kutisha. Nilikuta sebule, kinanda kidogo, glasi ya maji mezani. Mwalimu ana nywele za rasta zilizoanza mvi na anazungumza polepole, kwa sauti ya chini kabisa.

"Karibu dada. Koo likoje?"

"Limechoka, mwalimu."

"Basi leo hatupigi kelele."

Akanipa kazi ya mtoto: nitie mrija ndani ya maji, nipulize huku naguna, viputo vitoke sawasawa, nipande na kushuka pamoja na kinanda. Nilijiona mjinga. Lakini maelezo yake yalinikalia. Mrija ukiibana hewa inayotoka, msukumo kidogo hubaki juu ya nyuzi za sauti, nazo hukutana kwa ulaini badala ya kugongana. Mwanamke akizungumza kawaida, nyuzi hizo hukutana kama mara 200 kwa sekunde. Ukizigonganisha kwa nguvu seti nzima ya roki, aliniuliza, unafikiri zitakuwa na hali gani Jumapili?

Kisha akanionyesha kwa vidole kwamba juu ya nyuzi za sauti kuna mikunjo mingine miwili. Hiyo hujifunga tunapomeza, na tunapojikaza kuinua mzigo. Waimbaji wengi wa roki huisogeza kidogo tu hadi itetemeke, na hapo ndipo ukwaruzo unapozaliwa, nyuzi zenyewe zikiendelea na kazi yao kwa amani. Akaufanya mbele yangu. Ulitoka mlio wa mlango wa zamani, mzito, wenye meno, na bado ningeweza kuongea kwa simu pembeni yake. Kumbe hauna makelele! Mikrofoni iko mdomoni kabisa; vyombo ndivyo vinavyoukuza. Mimi miaka yote nimekuwa nikishindana na ngoma kwa koo tupu.

Kwa majivuno kidogo nikamwambia Freddie Mercury wa Queen ni wa kwetu, amezaliwa Unguja mwaka 1946.

"Ni wenu," akasema, "na alichokuwa akifanya kooni unakijua?"

Akanisimulia utafiti uliochapishwa 2016, ulioongozwa na Christian Herbst wa Austria. Freddie alikuwa amefariki tangu 1991, hivyo walimtumia Daniel Zangger Borch, mwimbaji wa roki na mwalimu wa sauti kutoka Sweden, aige ule mkwaruzo huku kamera ikipiga picha zaidi ya 4,000 kwa sekunde ndani ya koo lake. Mikunjo ya juu ilionekana ikitetemeka pamoja na nyuzi. Mimi nilimkumbuka Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu aliyetutoka 2013, na sauti yake iliyokwaruza bila gitaa la umeme wala mwalimu wa Nairobi.

Nilipojaribu, nikatoa kikohozi. Tena kikohozi. Hatimaye kikatoka kitu kidogo, cha sekunde moja hivi, ambacho hakikuuma. Mwalimu akapiga makofi mara moja, akaniamuru ninywe maji na ninyamaze. Akanichezea albamu ya Duma, vijana wawili wa Nairobi, iliyotolewa 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mayowe mwanzo mwisho. Siyo muziki wangu, nasema wazi, ila safari hii niliusikiliza kwa kutafuta pumzi zinaingilia wapi.

Mwisho akaomba orodha ya nyimbo tunazopiga na ufunguo wa kila mmoja. Alipoisoma akacheka. Karibu zote tulikuwa tumeziacha pale walipoziimba wanaume wenye sauti za juu kupindukia, na mimi nikizifukuza huko huko. Guns N' Roses wenyewe, alisema, walilegeza nyuzi za gitaa nusu tuni. Jimi Hendrix pia. Nani aliwakataza ninyi?

Ndani ya matatu nikamwandikia kiongozi wa bendi: tushushe nyimbo za roki tuni moja na nusu, kuanzia Ijumaa. Jibu lilinifikia stesheni ya Syokimau.

"Tuni moja. Na sweta langu lirudi."