Matembezi na Watoto Arua na Koboko

Bwana Mhariri ameniomba niandike machache juu ya mahali ambapo mzazi aweza kuwapeleka watoto wake wakati wa likizo katika nchi yetu ya West Nile. Nilipopata ombi lake nilicheka, kwani hazikupita wiki nyingi tangu watoto wangu mwenyewe waliponiambia, tulipokuwa tukifunga mizigo Kampala, ya kwamba Arua hakuna kitu cha kutazama. "Baba, huko tutafanya nini siku kumi?" aliuliza mkubwa, ambaye ana miaka kumi na minne na hujiona mzee kuliko mimi. Sikuwa na jibu. Nilizaliwa Arua, lakini nilipojaribu kuhesabu mambo ya kumfurahisha mtoto, vidole viwili tu vilinitosha.

Safari yenyewe ni ndefu, karibu kilometa 500, na mtoto mdogo alitapika mara mbili, basi sitaisifu sana. Ila nawashauri wazazi wasiwaache watoto walale kati ya Karuma na Pakwach, kwa maana hapo tembo huonekana kando ya barabara bila mtu kulipa senti. Sisi tuliona wanne. Kisha mkavuka daraja la Pakwach juu ya mto Nile, na hapo mmekwisha kufika West Nile.

Siku ya pili tulipanda Mlima wa Arua. Twauita mlima kwa heshima tu. Kwa kweli ni kilima kilicho ndani ya mji, na mtoto wa miaka saba aweza kukipanda ikiwa ataanza saa moja asubuhi. Ikifika saa nne jua la Desemba halina huruma. Chukueni maji na kofia. Juu yake mwaona mabati ya mji wote, na bonde la mto Enyau, na upande wa magharibi nchi ya Congo ambayo haiko mbali hata kidogo. Siku isipokuwa na vumbi angani waonekana Mlima Wati kwa mbali, nao ni mmoja wa milima miwili ambayo wazee wa Kilugbara huitaja katika habari za asili ya kabila.

Nilikaa juu ya jiwe nikafanya kazi ya mwalimu, ambayo sikuitiwa. Niliwaeleza kwamba nchi ile yote waliyokuwa wakiitazama ilikuwa zamani sehemu ya Lado, mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Alipokufa mwaka 1909 ilirudishwa upande wa Sudan, na sehemu yake ya kusini ikatiwa Uganda mwaka 1914. Mwaka huo huo Bwana Weatherhead, mtawala wa kwanza wa wilaya, alifanya boma lake Arua. Wazee husema jina la mji latokana na neno la Kilugbara lenye maana ya gerezani. Kijana wangu wa miaka kumi na mmoja alifikiri kidogo, kisha akasema, "Basi babu wa babu yetu alitawaliwa na nchi tatu bila kuhama nyumbani kwake." Nilikuwa sijapata kuliona jambo hilo kwa namna hiyo.

Sokoni Arua watoto walikaa muda mrefu kuliko nilivyodhani. Walionja asali, wakashangaa samaki wakavu waitwao angara waliopangwa kama vitabu, wakapita katika vitenge vya kutoka Congo hata mama yao akasahau ya kuwa tulikwenda kununua nyanya. Kiswahili chao cha shule kiliwasaidia. Arua Kiswahili hutembea sokoni pamoja na Kilugbara, Lingala na Kinubi, na hakuna atakayekucheka ukikosea. Jirani ya mama yangu, bibi mmoja wa Kinubi, alimfundisha binti yangu kuanza kushona kawa kwa ukili wa rangi. Kawa lile halikwisha. Lakini bibi yule, huku akishona, alisimulia jinsi wazee wake walivyokuwa askari wa Emin Pasha huko Wadelai, kandokando ya Nile, na jinsi Kapteni Lugard alivyowachukua wengi wao mwaka 1891 kuwaingiza katika kazi yake Uganda. Ndiyo maana lugha yao ni Kiarabu kilichovaa nguo nyingine. Saa nzima mtoto yule hakuomba simu.

Kwa wapenda mpira naandika kwa ufupi: upo uwanja wa Green Light, na watu wa Arua bado watawasimulia, mpende msipende, habari za Onduparaka walivyopanda ligi kuu ya Uganda mwaka 2016.

Nilitaka pia kuwapeleka mtoni, Rhino Camp, lakini motokaa yetu ilikuwa na kasoro na fundi alitucheleweshea siku mbili. Basi niliwasimulia tu. Mwezi wa Januari mwaka 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa amekwisha kuacha urais wa Marekani, alipiga kambi huko na kuwawinda faru weupe. Jina la mahali latokana na faru hao. Baadaye nchi ya Ajai, huko huko karibu na Nile, ilitengwa kuwa hifadhi yao, lakini wawindaji haramu na vita viliwamaliza, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakukubaki faru hata mmoja katika pori lote la Uganda. Mdogo aliuliza kwa nini mtu awe rais kisha aje mbali hivyo kuua faru. Nalo sikuwa na jibu lake.

Sasa nije Koboko.

Nawaambieni kweli, Koboko sikuwa nimeiweka katika mpango wetu. Kutoka Arua ni safari ya saa moja hivi, nayo barabara ni ya lami tangu Vurra hadi Oraba, kilometa 92, wala hakuna tena vumbi tulilolila zamani. Sababu haikuwa njia. Mama yangu ni Mkakwa wa Koboko, na mwaka 1980, vita vilipofika West Nile na maelfu ya watu wakakimbilia Sudan na Zaire, njia hiyo ndiyo aliyotupitisha kwa miguu. Nilikuwa na miaka sita. Nakumbuka mgongo wa mama, na sufuria iliyokuwa ikigonga ndoo, na baridi ya alfajiri, basi. Tangu tuliporudi sikupenda kufika upande ule ila kwa misiba, na watoto wangu sikuwa nimewaambia neno.

Ni mama mwenyewe aliyesema, jioni moja baada ya chakula, "Mwanangu, hawa watoto umewaonyesha kilima na samaki. Kwetu hutawapeleka?" Asubuhi alikuwa amekwisha kuvaa, ameketi katika motokaa kabla ya dereva.

Tulianzia Mlima Liru, ambao ndio wa pili wa ile milima miwili. Wazee wetu husimulia kwamba mashujaa Jaki na Dribidu walikuja katika nchi hii wakazaa koo za Walugbara, na kwamba Dribidu alifia Wati, na Jaki akafia Liru. Hatukufika kileleni. Watoto wawili wakubwa walipanda pamoja na kijana wa kijiji, sisi wengine tukabaki chini kivulini tukala mihogo. Atakayekwenda apite kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji amwamkie na kumweleza nia yake. Ni adabu, tena mlima ule kwa wenyeji si mahali pa kuchezea tu.

Kutoka hapo tulikwenda Salia Musala, mahali ambapo Uganda, Congo na Sudan Kusini hukutana. Mwenye kujua Kiswahili husikia katika jina hilo sala na msala. Watoto walitazamia ukuta, au bendera tatu, au walau lango kubwa. Walikuta maduka, pikipiki, na watu waendao na kurudi kama watu wa kijiji kimoja. Mdogo alisikitika. Lakini mkubwa akatoa simu yake, akapiga kelele, "Saa imerudi nyuma!" Kumbe simu ilikuwa imeshika mtandao wa ng'ambo. Kwetu ilikuwa saa sita mchana, na simu ikasema saa tano. Kwa maana Congo ya mashariki iko nyuma yetu kwa saa moja, na Sudan Kusini nayo ilirudisha saa zake nyuma Februari 2021. Basi mchezo ukaanza. Walirukaruka hapa na pale wakidai, "Mimi bado sijala chakula cha mchana, mimi nimekwisha kula." Nikawaambia pia kwamba ng'ambo zote mbili magari hupita kulia, na sisi hupita kushoto, wakataka kujua ni nani hupisha nani pale njia zinapokutana. Askari mmoja aliyekuwa karibu aliwajibu kwa uvumilivu mkubwa. Sikupata kuona watoto wangu wakifurahi namna hiyo mahali pasipo na bembea wala bwawa la kuogelea.

Mama hakushuka. Alikuwa ameketi na mlango wazi, akitazama upande wa Ingbokolo. Binti yangu alikwenda kumwita, akamwambia, "Bibi, njoo usimame katika saa nyingine." Mama alishuka polepole, akamshika mkono, wakaenda hadi pale waliponyooshewa kidole na askari. Kisha nikamsikia akisema kwa Kiswahili, ili wote wasikie, "Huku tulikuita Zaire. Huku ndiko nilikompeleka baba yenu, na huku ndiko tulikomzika shangazi yenu."

Watoto waligeuka wakanitazama mimi. Walijua wana shangazi mmoja tu, naye yuko Nebbi.

Mama aliwaeleza yote palepale, akiwa amesimama. Kwamba alikuwa mchanga wa miezi minane, kwamba aliitwa Letasi, kwamba homa ilimshika wiki ya tatu na hakukuwa na dawa, na kwamba mwenye shamba, mtu wasiyemjua, aliwapa mahali chini ya mwembe wake na akachimba kwa mikono yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesahau jina lile. Sikusahau kwamba alikuwapo, lakini jina lilikuwa limetoka. Mkubwa, yule mzee wangu, alirudisha simu mfukoni akamuuliza bibi yake kama aweza kuutambua mwembe. Mama akasema mwembe huenda umekatwa, lakini mto haukatwi, naye ataanzia mtoni.

Tulirudi Koboko mjini tukala kwa ndugu wa mama. Njiani mama aliwaonyesha watoto upande ulio Lobule, ambako tangu mwaka 2013 wamekaa wakimbizi waliotoka Congo, akasema wale sasa hulima katika mashamba ya watu ambao wengi wao walilishwa Congo. Aliyasema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Usiku katika nyumba ya wageni, ambayo sitaitaja, maji hayakutoka bombani hata asubuhi, nao watoto hawakulalamika, jambo ambalo mama yao bado analizungumza.

Basi, Bwana Mhariri, orodha uliyoniomba ndiyo hiyo: kilima, soko, kawa la bibi Mnubi, uwanja wa mpira, Liru na Salia Musala. Wenzangu tuliosoma pamoja ambao mna watoto wa mjini, pitieni Koboko, wala msikae Arua tu kama nilivyokuwa nimekusudia mimi. Chukueni kitambulisho, na msivuke hatua kumi kwa mzaha bila kuwauliza wakubwa wa mpakani, maana hali ya huko hubadilika.

Sisi tutarudi likizo ya Agosti, Mungu akipenda. Mwenyekiti wa kijiji amenieleza ofisi ya kuombea kibali cha kuvuka, na ndugu wa mama anamjua mtu wa Ingbokolo aliye na pikipiki mbili. Mkubwa ameniuliza kama siku kumi zitatosha. Mama hana wasiwasi wa siku. Ameniagiza nisisahau mfuko mmoja wa saruji.