Bugali wa ngumi moja kule Idjwi

Juma lililopita wengi mliniuliza kwa nini sikuonekana kwenye mkutano. Nilikuwa Idjwi. Masomo yalikuwa yamefungwa kwa likizo, nikamsindikiza mama yangu mzazi kwenda kumwona dada yake mkubwa, ambaye sisi tunamwita mama mkubwa. Mama alizaliwa kwenye kisiwa hicho na aliolewa huku Bukavu akiwa bado kijana. Ilikuwa imepita miaka minne bila kukanyaga kwao.

Lakini kabla ya kupanda boti, lazima niwaeleze jambo la sahani.

Miezi mitatu mbele ya safari, mama alipimwa damu akakutwa na ugonjwa wa sukari. Asubuhi, kabla hajala kitu, sukari yake ilikuwa 240, na munganga alisema mtu mwenye afya hapiti 100 saa hiyo. Akampa vidonge vya kunywa kila asubuhi, kisha akachukua karatasi akachora sahani. Nusu ya sahani ni majani: lengalenga, shu, sombe, biringanya. Robo ni samaki, yai, nyama au maharagi. Robo iliyobaki ni bugali, au wali, au kiazi, au ndizi ya kupika, kimoja tu kati ya hivyo, maana vyote ni wanga, na wanga ukishafika tumboni unageuka sukari. Chai bila sukari. Fanta, mutobe na kasikisi, basi.

Mimi ni mwalimu. Nilirudi nyumbani nikaichora sahani ile upya kwa kalamu za rangi, kubwa kama ramani ya darasani, nikaibandika ukutani jikoni. Na katika kuchora nikafanya kosa ambalo kwa mwanafunzi ningelikata alama zote: ile robo ya bugali niliifuta. Nilijiambia, kama kupunguza ni kuzuri, kuondoa ni kuzuri zaidi. Mama alinung'unika siku tatu. Kwake yeye, mtu aliyekula samaki na majani bila bugali hajala, ameonja tu. Lakini alitii, kwa sababu ni mimi ndiye niliyesoma. Sukari ikashuka, asubuhi moja tukapata 148. Nikajisifu mbele ya majirani.

Sasa tuje kwenye boti.

Anayekwenda Idjwi kutoka Bukavu anajua kwamba saa ya kuondoka ni neno la kubembeleza watu. Walituambia saa moja na nusu asubuhi, tukaondoka saa nne. Boti ya mbao yenye motere, imejaa magunia ya unga, katoni za sabuni, chumvi, mabati mawili, na mbuzi mmoja ambaye sikuelewa kwa nini anarudi kisiwani wakati mbuzi wote wanatoka huko kuja mjini. Tulivaa majile. Mji ukabaki nyuma yetu na rasi zake zinazoingia ziwani kama vidole, nyumba zimepandana kwenye milima mpaka Kadutu juu. Mvua ilikuwa imepita usiku, maji yametulia, hewa ni baridi. Mama alikaa upande wa upepo akionyesha kwa mkono vijiji vya ng'ambo. Alikuwa na furaha. Asubuhi alikuwa amekunywa kidonge chake, chai isiyo na sukari, yai moja na nusu ya avoka.

Tulipokuwa katikati ya ziwa, aliacha kuongea. Nilidhani ni usingizi. Nikaona jasho linamtoka usoni, katika baridi ile, na mikono inatetemeka hata pochi ikamwanguka. Nikamwita, akanijibu maneno yasiyo na mpangilio, akiniita jina la dada yangu. Nilianza kupiga kelele kwamba mama ana malaria.

Mama mmoja mchuuzi, mwenye mzigo wa ndizi mbivu na sukari, akaniuliza swali moja tu: "Ana ugonjwa wa sukari? Anakunywa dawa?" Mume wake naye ana ugonjwa huo. Hakungoja nimalize kujibu. Alitoboa pakiti ya sukari iliyokuwa bidhaa yake, akatia vijiko vitatu kwenye kikombe cha maji, akakoroga, akamnywesha mama kidogo kidogo kwa kuwa alikuwa bado anaweza kumeza. Nikataka kumzuia. Sukari, kwa mgonjwa wa sukari! Alinitazama kama ninavyotazama mtoto aliyesema mbili na mbili ni tano. "Imeshuka mno," akasema. "Ngoja robo saa."

Robo saa ile kwenye maji ni ndefu. Kisha mama akafuta uso kwa kitenge, akauliza kama tumefika, akaombwa ale ndizi moja, akala. Pakiti ile nililipa, lakini deni lenyewe bado ninalo.

Tulipoteremka, kabla ya kupanda mlima kwenda nyumbani, tulipita kwenye kituo cha afya. Muuguzi, mama wa umri wangu, alipima sukari kwenye kidole, akasikiliza habari yote, akauliza alikula nini asubuhi, na jana, na juzi. Kisha akanieleza kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko ukali. Kidonge kile, alisema, hakina macho. Kazi yake ni kusukuma sukari chini, uwe umekula au hujala. Munganga alipima dawa akihesabu ile robo ya bugali. Ukiondoa bugali wote na dawa ikabaki ileile, sukari inaporomoka. Anayetaka kula wanga kidogo sana, lazima munganga wake ajue kwanza, apange dawa upya. Na jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kupiga mbio, kuchanganyikiwa, hizo ni dalili za sukari kushuka chini ya 70. Hapo hapo vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, kisha chakula. Aliyezimia asinyweshwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Wamama wenye mgonjwa nyumbani, maneno haya yaandikeni mahali mtakapoyaona.

Njia ya kwenda kwa mama mkubwa inapita katikati ya migomba na kahawa. Kisiwa hakina msongamano wa magari, kwa hiyo unasikia mambo uliyoyasahau mjini: jembe likigonga jiwe, watoto wakiitana kwa Kihavu kutoka kilima kimoja mpaka kingine. Mananasi yanaota kando ya njia. Kila mtu aliyetupita alimsalimia mama kwa jina la baba yake, na mama, ambaye saa mbili nyuma alikuwa hajui jina langu, alikumbuka ya wote.

Mama mkubwa alikuwa ametupikia. Hapo ndipo palipokuwa na mtihani wa pili, na huu nilikuwa nimeuogopa tangu Bukavu. Katikati ya mkeka, mlima wa bugali wa muhogo, mweupe, wa moto, kwa watu wanane. Sambaza mbichi zilizopikwa na nyanya, kitunguu na mafuta kidogo ya mawese. Lengalenga na kalanga. Maharagi. Na kando, mtungi wa mutobe kwa ajili ya mdogo wake aliyerudi.

Kukataa bugali wa dada yako baada ya miaka minne ni kumwambia nini? Mama alinitazama mimi. Mimi nilitazama chini. Nilikuwa nimemaliza kutoa masomo siku hiyo.

Mama akasema mwenyewe. Alieleza ugonjwa, sahani, boti. Mama mkubwa alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Ni bugali kiasi gani?" Mama akakunja mkono. "Kama ngumi yangu." Mama mkubwa akachukua mwiko, akakata bugali wa ngumi moja, akauweka kwenye sahani ndogo. Na mama, badala ya kushukuru, machozi yakamlenga. Sahani ile ilikuwa ya mtoto. Sisi tunakula kwenye sahani moja. Kutengwa na mlima wa wote ni kama kuonyeshwa mlango.

Ngoja niseme jambo hapa, kwa sababu nimelifikiria sana tangu nirudi. Ugumu wa chakula hiki sio njaa. Bugali wa pamoja hauna kipimo. Unamega, unachovya, unaongea, mwingine anamega, na mwisho hakuna anayejua alikula kiasi gani. Ndiyo raha yake. Munganga akikuambia "robo ya sahani", anahesabu kwamba una sahani. Wengi wetu hatuna sahani ya peke yetu mpaka tuugue.

Mama mkubwa hajasoma kwenye chuo chochote. Alimwangalia mdogo wake, akakata ngumi nyingine, akaiweka kwenye sahani ya pili, akavuta kigoda akakaa karibu naye. "Na mimi ni mzee," akasema. "Mlima waachie hawa vijana." Wakala wawili, sahani kwa sahani.

Ikabaki shida ya mkono. Bugali ndio kijiko chetu. Ngumi moja ikiisha, mboga bado imejaa, utaichotaje? Mama hataki kijiko, anasema kijiko ni cha mgonjwa. Mama mkubwa akaenda jikoni, akarudi na majani ya shu aliyoyapitisha kwenye maji ya moto, laini lakini hayakatiki. Ukikunja kipande, kinabeba sambaza tatu na mchuzi wake. Nilijaribu. Ni kitamu, nawaambia. Avoka ilikatwa ikatiwa chumvi, kitunguu na pilipili. Mutobe alioonja mama ulikuwa wa kulowesha mdomo tu, na nanasi kipande chembamba, baada ya chakula na sio kabla.

Maharagi nayo yana wanga, lakini mwendo wake tumboni ni wa polepole, kwa hiyo vijiko vichache vinaruhusiwa. Jirani mmoja pale alituambia kwamba unga wa ulezi au wa mtama hauna sukari, mgonjwa ale apendavyo. Sio kweli. Nao ni wanga, unapimwa kwa ngumi ileile. Jirani huyo aliongeza kwamba tumeharibiwa na vyakula vya wageni, turudi kwa vya mababu. Nilitaka kumwambia kwamba muhogo na mahindi vilitoka Amerika, lakini maharagi na avoka vilitoka hukohuko, na hata sambaza waliletwa kwenye ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Tungebaki na nini mkekani? Nikanyamaza.

Usiku tuliteremka kutazama wavuvi. Mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu umening'inia kati yao, taa zinawaka kuwavuta sambaza, na wanaume wanaimba ili makasia yaende pamoja. Kutoka kilimani ziwa lilikuwa kama mji mwingine. Asubuhi wanawake wananunua ufukweni, kabla ya wachuuzi wa Bukavu kupandisha bei.

Maana bei ndiyo swali ambalo wamama wengi mtaniuliza. Bugali ni wa rahisi, sambaza ni ghali. Ni kweli. Nyumbani tumehesabu hivi: unga ambao mama na mimi hatuli tena umepunguza kipimo kimoja kwa juma, na franga hizo zinanunua mafungu ya sambaza zilizokauka. Lengalenga tumepanda kwenye magunia nyuma ya nyumba. Avoka tunanunua nyingi msimu wake, nyakati nyingine tunazikosa. Zipo siku ambazo ni shu na maharagi tu. Watoto nimewaachia bugali wao kamili. Wao wanakua, chakula hiki sio chao, na mama mwenye mimba naye asijikatie wanga bila kuulizwa na munganga.

Tuliporudi Bukavu, munganga alisikiliza habari ya boti, akakata kidonge nusu, akaandika kwenye karatasi "robo ya bugali" na kupiga mstari chini yake mara mbili, akinitazama mimi. Juzi asubuhi mama alipima 121. Pochi yake sasa ina pakiti ndogo ya sukari ambayo haruhusu mjukuu yeyote kuigusa.

Mchoro wangu wa rangi hauko tena ukutani. Jioni tuliyofika nilimkuta mama ameubandua, ameukunja, anawashia mbabula chini ya sufuria ya maji ya bugali.