Kuuza Nini? Mwanafunzi wa Lugha mbele ya Biashara ya Mtandaoni

Kiswahili kina semi mbili zinazogombana. Wazee husema: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Wafanyabiashara nao hujibu: "Biashara ni matangazo." Mwaka huu nimeishi kati ya semi hizo mbili, kwa kuwa nimekuwa nikijifunza kutangaza na kuuza kwa njia ya intaneti huku nikiendelea na masomo ya lugha hapa Lubumbashi. Wenzangu kadhaa wameniuliza mambo hayo mawili yanakutana wapi. Makala haya ni jibu langu.

Sababu ya kwanza si ya kitaaluma. Minervali haimngoji mtu, na anayenisaidia kuilipa ni mama mdogo, ambaye huuza vitenge, au bikwembe kama tunavyosema hapa, katika soko la komini ya Kenya. Siku za mvua wateja hawaji, lakini simu zao ziko wazi. Ndipo nilipojiandikisha katika mafunzo ya Jumamosi nne kuhusu biashara ya mtandaoni.

Mkufunzi alianza na ngazi nne za tangazo: kuvuta macho, kuamsha hamu ya kujua, kuamsha tamaa, kisha kumsukuma mtu atende. Mpango huo huhusishwa na Mmarekani Elias St. Elmo Lewis, aliyeandika kuhusu matangazo mwishoni mwa karne ya 19, wakati intaneti haijaota na mtu. Nilipokuwa nikiunakili, nilikumbuka somo letu la balagha, ambapo Aristotle anatufundisha kwamba msemaji hushawishi kwa hoja, kwa hisia na kwa sifa yake mwenyewe. Kumbe nilikuwa nimeketi katika darasa nililolizoea, ila majina yamebadilishwa.

Mafunzo yalinipa vyombo pia, na nilivifurahia. WhatsApp Business, iliyoanza kutolewa mwaka 2018, inamruhusu muuzaji mdogo kupanga bidhaa zake katika katalogi, picha na bei, bila kulipia programu. Picha inayowekwa katika hali ya WhatsApp hudumu saa 24 tu, kwa hiyo anayeuza hana budi kusema kitu kipya kila siku. Malipo hupita katika M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Hayo yote mtu huyajua kwa siku mbili. Lakini kulikuwa na swali moja ambalo halikuguswa kabisa: tumtangazie mteja kwa lugha gani? Mifano yote ilikuwa ya Kifaransa, kana kwamba jambo hilo lilikwisha kuamuliwa.

Katiba yetu ya mwaka 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Sokoni, mpangilio huo hugeuka. Tena tusisahau kwamba Kiswahili kilifika Katanga kikifuatana na bidhaa. Katika karne ya 19, Msiri alipotawala Bunkeya, misafara ya biashara ilileta vitambaa na bunduki na kuondoka na pembe za ndovu na shaba. Baadaye migodi ilikifanya kuwa lugha ya kazi, na watu wa makabila mengi wakakifanya kuwa lugha ya nyumbani. Lugha iliyozaliwa kwetu katika kuuza na kununua inawezaje kukosa nafasi katika soko la simu?

Nikafanya jaribio dogo. Kwa picha zilezile za vitenge, nilitayarisha matangazo matatu, kila moja na wiki yake. La kwanza lilikuwa la Kifaransa safi. La pili lilikuwa la Kiswahili sanifu, kile tunachokiandika katika mitihani. La tatu lilikuwa sauti ya mama mdogo mwenyewe, nusu dakika, katika Kiswahili cha mji: "Bamama, bikwembe bya mupya bilifika, mukuye muone!"

Nilitarajia kwamba lugha moja ingeshinda. Haikuwa hivyo. Sauti ya mama mdogo ndiyo iliyoleta maswali mengi kupita yote. "Ile ya bulu iko bei gani?" "Mutanipunguzia?" Watu walibisha bei, wakaomba matabishi, wakamsalimia na kuuliza habari za watoto. Tangazo la Kifaransa lilileta wateja wachache sana, lakini hao walilipa bei iliyoandikwa bila neno. Na la Kiswahili sanifu lilileta swali ambalo sikulitegemea: "Hii mali imetoka Dar es Salaam?" Mama mmoja aliuliza hivyo, kisha mwingine. Kwao, Kiswahili cha aina ile ni harufu ya lori lililopita Zambia na kuingia kwa Kasumbalesa.

Nililitafakari jambo hilo kwa siku nyingi. Picha ilikuwa moja, bei moja, lakini kila lugha iliuza kitu chake. Kifaransa kiliuza duka lenye milango ya kioo, ambapo bei haijadiliwi. Kiswahili sanifu kiliuza safari ya mzigo. Kiswahili cha Lubumbashi kiliuza mtu: mama unayemfahamu, ambaye ukinunua kitenge kinachochuja rangi unajua utamkuta wapi kesho. Mkufunzi alituambia kwamba mtandaoni mali kubwa ni imani ya mteja. Ni kweli, lakini imani hiyo inasikika kwanza katika namna ya kusema, kabla ya picha na kabla ya katalogi.

Kuna upande mwingine, na ndio ulionisukuma kuandika. Neno "biashara ya mtandaoni" linazunguka sana katika simu za wanafunzi, na mara nyingi halimaanishi vitenge wala viatu. Ni mwaliko: weka dola kadhaa, leta watu watatu, nao walete watatu, utaishi vizuri. Mwanafunzi mmoja niliyesoma naye aliweka humo minervali ya mwaka mzima. Mtihani ulipofika, jina lake halikuwa kwenye orodha, na hadi leo hajarudi.

Nilikusanya ujumbe wa aina hiyo na kuusoma kama tunavyosoma matini darasani. Vitenzi karibu vyote viko katika wakati ujao: utapata, utakuwa, utasahau shida. Nomino za vitu vinavyoshikika hazipo. Na kitenzi "kuuza", ambacho kwa sarufi yetu ni kitenzi elekezi, kinatembea bila yambwa. Mwenzetu anasema anauza. Anauza nini? Sentensi inanyamaza. Mama mdogo hawezi kusema "ninauza" akaishia hapo. Atakutajia kitenge, urefu wake na rangi yake. Pale ambapo yambwa haipatikani, aghalabu yambwa ni wewe mwenyewe.

Nchi yetu imekwisha kuyaona hayo bila intaneti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Kinshasa, Bindo Promotion iliwaahidi watu kuwarudishia fedha zao zikiwa zimeongezeka mara nyingi. Umati ukaweka akiba, kisha mchezo ukaanguka na wengi wakabaki mikono mitupu. Simu imebadilisha mwendo tu. Leo tuna Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, ambayo inashughulikia pia biashara ya kielektroniki. Lakini sheria hufika baada ya fedha kuondoka, wakati swali la sarufi linaweza kuulizwa kabla.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba aliyesoma lugha hana la kufanya katika biashara hii zaidi ya kutafsiri. Kuchagua lafudhi ya tangazo, kujua neno lipi linampa mama wa Katuba heshima na lipi linamfukuza, kuandika bei wazi badala ya kuificha, kutambua ahadi isiyo na kitu ndani yake: yote hayo ni kazi ya lugha, na kuna wafanyabiashara wadogo wengi mjini wanaoihitaji.

Ningependa kuwaomba walimu wetu matangazo haya ya simu yaingie katika kazi za pragmatiki na isimujamii, pamoja na sauti zake na makosa yake ya tahajia. Ni matini zilizo hai, na watu hutoa fedha zao kwa sababu yake. Nanyi wenzangu, mkiletewa mwaliko wa biashara kabla ya kulipa minervali, uchambueni kama sentensi ya mtihani. Tafuteni kiima, tafuteni kitenzi. Kisha ulizeni yambwa iko wapi, na msitoe hata faranga moja kabla ya kujibiwa.