Kipini cha pua na kipimo chake

Kila tunapozungumza juu ya mila za mapambo, kuna mtu atakayesimama kusema kwamba kutoboa pua si desturi ya kwetu Kivu. Kwa sehemu kubwa anasema kweli. Wazee wa pande hizi walipamba zaidi mikono na miguu. Katika karne ya 19, Watembo na Wahavu, magharibi mwa ziwa, walisuka butega, bangili za nyuzi za mimea, na mitumbwi ikazivusha hadi Rwanda ambako wanawake walizivaa miguuni kwa wingi. Zilifika hata kutumika kama pesa. Kipini cha pua tunakijua kuwa kitu cha pwani, cha Lamu, Mombasa na Unguja, ambako wanawake wamekivaa tangu zamani pamoja na hazama, ile pete ya pua. Lakini leo kipini kiko Goma. Kimeingia na filamu za Kihindi, na picha za kwenye simu, na biashara ya Birere, na hakitatoka kwa sababu sisi wakubwa tumekasirika.

Wanaokikataa kwa jina la Biblia tunawaomba wasome tena Mwanzo 24. Mtumishi wa Abrahamu alipomkuta Rebeka kisimani alimpa pete ya dhahabu, akamtia puani, na mwandishi hakusahau kutaja uzito wake: nusu shekeli, yaani kama gramu 5 au 6. Kwa pua za leo huo ni mzigo! Lakini tunapenda kwamba kipimo kimeandikwa, maana taabu tunayoiona kwa watoto wetu inatokana na kipimo.

Mwaka mmoja binti wa mwaka wa tano alikuja darasani pua imevimba kama nyanya, plasta juu yake. Alikuwa ametobolewa siku nne mbele. Kwa kuwa shule inakataza mapambo ya puani, alichagua kile kifupi kuliko vyote, ili kisionekane. Tulipomuuliza alisema: «Madamu, kilikuwa kinakaa muzuri, asubuhi nikakuta kimeingia ndani. Ule mama wa kuuzisha alisema ni saizi ya batu bote.» Muuguzi alikitoa kwa shida, na binti alilia hata sisi tukatazama pembeni. Usaha ulikuwa umeanza.

Saizi ya watu wote haiko. Neno lenyewe linatufundisha: kipini ni mpini mdogo. Kila mtu wa hapa aliyewahi kulima anajua mpini wa jembe. Ukiwa mwembamba kuliko tundu, jembe linacheza. Ukiwa mnene, ukaulazimisha kwa nyundo, kitu kitapasuka. Katika pua, kinachopasuka ni nyama.

Unene wa kipini cha pua kwa kawaida ni milimita 0.8 au milimita 1, yaani nafasi ya mstari hadi mstari kwenye rula ya mwanafunzi. Tofauti inaonekana kuwa ya bure, lakini tundu lililozoea 0.8 ukilitia cha 1 kwa nguvu, unachana kidonda upya. Tena kwenye pakiti vimeandikwa kwa namba zinazokwenda kinyume: 20 ndicho chembamba, 18 ndicho kinene. Ni hesabu ya zamani ya mafundi wa waya, waliohesabu waya umevutwa mara ngapi katika matundu ya kuupunguza. Kadiri ulivyopitishwa mara nyingi, ndivyo ulivyokonda. Wauzaji wengi wa barabarani hawaijui, na mnunuzi anafikiri namba kubwa ni kitu kikubwa.

Urefu ndio uliomwumiza binti yetu. Ukuta wa pua ukishapona, kipini cha milimita 6 au 7 kinawatosha wengi. Lakini siku za kwanza pua inavimba, kwa hiyo kipini cha kwanza kinatakiwa kizidi kidogo, ili nyama ipate nafasi. Uvimbe ukiisha, kile kirefu kibadilishwe, la sivyo kitashikwa na kila kitu: taulo, kitambaa cha kichwa, chandarua usiku. Na pete isitangulie, maana inazunguka na kukiamsha kidonda. Ingoje tundu lipone kabisa, miezi 4 hadi 6. Hapo mtu anachukua kikaratasi, anapima kutoka kwenye tundu hadi ukingo wa pua, kiisha anatafuta pete ambayo upana wake wa ndani unazidi hapo kidogo. Wengi wanaangukia kwenye milimita 8. Aliyetobolewa juu zaidi ataomba 9 au 10. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kutofautiana.

Juu ya madini tutasema kidogo tu. Vile vya bei ya chini vinavyong'aa sana mara nyingi vina nikeli, ambayo inawasha ngozi za watu wengi. Ulaya iliiwekea mipaka kwa sheria mwaka 1994. Titani ni salama zaidi, na dhahabu ya kweli pia. Na yule ambaye kovu lake hunenepa na kupanda, tuseme pale alipochanjwa au kutobolewa sikio, kwake ushauri wetu ni mmoja: aiache pua yake.

Inabaki shule. Hatupingi sheria ya usafi na nidhamu, sisi wenyewe tunaisimamia. Lakini kumwamuru mtoto aliyekwisha kutobolewa atoe kipini kila asubuhi na kukirudisha jioni ni vibaya kuliko kukataza na kuliko kuruhusu. Tundu jipya linaweza kujifunga ndani ya saa chache, na jioni mtoto analitoboa tena mwenyewe, na sindano ya mama yake. Katika mkutano wa walimu tulipendekeza kwamba mwenye kidonda kibichi aachiwe kipini chake mpaka apone, kiwe kidogo kwa kichwa lakini kirefu cha kutosha kwa mwili wake, na wazazi waitwe siku hiyohiyo, si kwa kumfukuza mtoto bali ili wajue. Mwenzetu mmoja aliuliza kama sasa tumekuwa mafundi wa kutoboa pua. Tulimwonyesha rula. Watu walicheka, mkuu wa shule aliandika jambo fulani katika daftari lake, na mkutano ukahamia kwenye suala la minervali.