Safari ya Ziwa Ngosi katika Milima ya Uporoto

Wako wasomaji wetu wengi wa pwani ambao wakisikia neno "ziwa" hulikumbuka Ziwa Viktoria au Tanganyika, maji yasiyoonekana ng'ambo yake, yenye samaki, jahazi na bandari. Ziwa tunalotaka kulieleza hapa si la namna hiyo. Halina bandari wala mto uonekanao ukitoka ndani yake. Limekaa juu ya mlima, ndani ya bakuli la mawe lililofunikwa na msitu, na mtu aweza kupita chini yake kwa gari kila siku ya maisha yake asijue kwamba liko. Jina lake ni Ngosi, nalo liko katika milima ya Uporoto, wilayani Rungwe, baina ya Mbeya na mji wa Tukuyu.

Tumeamrishwa tutembee katika ardhi na kutazama kazi ya Muumba. Lakini ni jambo la kusikitisha kwamba safari za namna hii tumewaachia wageni watokao Ulaya, nasi wenyewe, likizo ikifika, hatujui kwenda ila harusini au matangani. Hatusemi harusi ziachwe. Twasema kwamba baba mwenye watoto wanne wanaosoma shule ataona faida kubwa akiwaonyesha siku moja mahali ambapo mlima ulipasuka kwa amri ya Mola wake.

Atokaye Dar es Salaam hupita Morogoro, Mikumi, Iringa na Makambako, safari ya zaidi ya kilometa 800 hata kufika Mbeya. Mwenye uwezo hupanda ndege mpaka kiwanja cha Songwe kilichofunguliwa mwaka 2012. Kabla ya kuingia mjini Mbeya liko njiapanda la Uyole, na hapo barabara ya kwenda Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi hukata kuelekea kusini. Magari madogo ya abiria hayakosekani. Barabara hupanda, baridi huingia, na pande zote mbili huonekana mashamba ya viazi mviringo, kabichi na migomba. Yapata nusu ya njia ya kwenda Tukuyu ndipo penye Isongole, na hapo ndipo ashukapo aendaye Ngosi. Toka barabara kuu hadi chini ya mlima ni kilometa chache tu, na vijana wa pikipiki huwachukua wasiotaka kuzitembea.

Hapa pana suala lililoulizwa na wenzetu garini, nalo lafaa kujibiwa. Je, aendaye Ngosi hupunguza Sala? Aliye mkazi wa Mbeya, safari yake haifiki hata kilometa 50, na marhala mbili za madhehebu yetu ya Kishafii wanavyuoni huzikadiria kuwa zaidi ya kilometa 80. Basi huyo ataswali Sala kamili, kila moja kwa wakati wake. Atokaye Dar es Salaam au Tanga ni msafiri, naye anayo ruhusa yake maadamu hakunuia kukaa siku nne kamili. Kibla cha nchi ile ni kaskazini, kukielekea mashariki kidogo. Tumekiandika kwa sababu msituni jua halionekani, na tuliwaona watu wakikitafuta kwa kubishana.

Msitu huo ni wa hifadhi, nao uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, hivyo haifai kuingia kwa kujificha bila ya kutoa kiingilio. Wala si vyema kwenda bila kiongozi wa njia. Wenyeji wa hapo, Wasafwa na Wanyakyusa, ni watu wapole sana kwa mgeni. Ukijua kusema "ndaga" tu kwa kushukuru, basi umekwisha kuwa ndugu.

Tulipanda kwa muda wa saa moja na kitu. Njia ni nyembamba, udongo wake mweusi na laini, na mvua ikiwa imenyesha huteleza kama sabuni. Kwanza ni miti mirefu yenye kuvaa kuvu, kisha mianzi iliyoinamiana juu ya vichwa vyetu kama dari, na migomba ya mwitu isiyozaa ndizi za kuliwa. Mzee mmoja katika msafara wetu, mtu wa makamo ya miaka sitini na zaidi, alipanda taratibu huku akileta uradi wake, akafika pamoja na vijana waliotangulia mbio. Maana hao walipumzika mara tano, na yeye hakupumzika hata mara moja.

Halafu ghafula msitu huisha, na ardhi nayo huisha. Mbele ya miguu pana shimo kubwa, na chini yake, mbali sana, limelala ziwa la rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu, limetulia kimya. Ukingo pande zote umesimama kama ukuta, meta mia mbili na zaidi, nao umeota miti hata majini. Wenyeji hupenda kusema kwamba ziwa lile lina umbo la ramani ya Afrika, na kweli ukilitazama kwa jicho la kutaka kuona hivyo, utaona hivyo. Urefu wake ni kama kilometa mbili na nusu, upana kilometa moja na nusu au kuzidi kidogo, na kina chake hupita meta 70. Uso wa maji uko meta 2,000 na ziada juu ya bahari, na kilele cha ukingo hufika meta 2,620. Hapakusemwa neno kwa muda mrefu, ila tasbihi.

Wataalamu wa miamba wasema kwamba hapo palikuwa na mlima wa moto. Ulilipuka mlipuko mkubwa maelfu ya miaka iliyopita, tumbo lake likabaki tupu, na kilele kikadidimia ndani. Hata katika miaka elfu moja iliyopita umepata kutoa moto tena. Na moto haujazimika: chini ya ziwa huingia maji ya moto yenye chumvi pamoja na hewa ya kaboni. Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania, iliyoundwa mwaka 2013, imelitia eneo la Ngosi katika maeneo yake ya mwanzo ya uchunguzi, kwa matumaini kwamba joto hilo litaweza kuzalisha umeme.

Pale juu kiongozi wetu alituhadithia kwamba ndani ya ziwa mna nyoka mkubwa, na kwamba ziwa lina nguvu zake na lapaswa kuheshimiwa. Kijana mmoja wa kwetu akacheka, akatia mkono mfukoni, akatoa sarafu ili aitupe majini "kwa bahati njema." Yule mzee wetu akamshika mkono kwa upole.

"Mwanangu, sarafu hiyo wampa nani?"

"Si kitu, Sheikh, ni mzaha tu."

"Basi kama ni mzaha, mpe huyu aliyetuonyesha njia. Yeye ana watoto, na ziwa halina."

Kijana akaona haya, akampa. Nasi twaona kwamba mzee alisema lililo kubwa kwa maneno madogo. Mtu huanza kwa sarafu ya mzaha, kisha humpeleka mgonjwa wake penye jiwe au mti, na hapo tena hacheki. Kuogopa maji na kuyaomba ni jambo moja lenye nyuso mbili, na vyote viwili si haki ya kiumbe.

Hata hivyo tusiwadharau wazee wa nchi kwa kila walisemalo. Katika misitu ya mlima Rungwe, ulio jirani na unaopanda hadi meta 2,960, wawindaji walikuwa wakisema siku nyingi kwamba kuna nyani wa peke yake wanayemwita kipunji. Wataalamu walidhani ni hadithi tu kama ya nyoka wa ziwani. Mwaka 2003 wakamwona kwa macho yao, na mwaka 2005 wakamtangaza ulimwenguni kuwa ni mnyama ambaye elimu yao ilikuwa haijamjua. Basi habari hupimwa kwa ushahidi. Haikataliwi kwa kuwa msemaji wake amevaa kaniki.

Njia ya kushuka mpaka majini ipo, lakini ni ya kuning'inia kwenye mizizi, na baada ya mvua ni hatari. Sisi tulibaki juu pamoja na watoto, na twawausia wazazi wafanye hivyo. Walioshuka na kutaka kutawadha wasiwe na shaka: maji yaliyogeuka ladha kwa chumvi ya ardhi yake yenyewe ni tohara na yatoharisha. Miezi ya Juni mpaka Oktoba ndiyo mikavu, ingawa Juni na Julai baridi yake ni kali kwa mtu wa pwani, na ukungu waweza kulifunika ziwa lote. Mwenye kutangulia asubuhi ndiye hulikuta. Chakula chukueni chenu, kwa kuwa katika nyanda hizi nyama ya nguruwe huliwa na wengi, au tosheni kwa viazi vya kuchemsha na ndizi, navyo ni vitamu kupita kiasi. Na takataka zenu rudini nazo. Tulikuta chupa za plastiki penye ukingo, na msitu huo ndio ushikao maji ya mito, mingine ikishuka Ziwa Nyasa na mingine upande wa Usangu, kwenye mashamba ya mpunga tunaoununua mijini.

Jioni tuliteremka Tukuyu, mji mdogo wa mvua na chai, ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg. Waislamu wa huko si wengi, lakini msikiti upo. Aliye na siku ya pili asikose kwenda Masoko, kusini ya Tukuyu, penye ziwa jingine la shimo la moto, dogo na la mviringo. Wajerumani walikuwa na kambi yao ya askari ukingoni mwake kabla ya vita vya mwaka 1914, na watu husimulia kwamba walipokimbia walitupa mali zao majini. Huko gari hufika karibu kabisa na maji, hivyo hata bibi asiyeweza kupanda mlima atapata kukaa chini ya mti na wajukuu wake, akatazama.