Chapa na Jiwe Jeusi



Vijana wapendwa, katika Ituri yetu hakuna mtoto asiyelijua neno dhahabu. Tangu ilipogunduliwa kule Kilo mwaka 1903, wazee wetu na kaka zetu wameifuata machimboni. Wengine walirudi na kitu, wengine walirudi na homa tu. Hata hivyo sisi vijana wa Boga hatukuwahi kuombwa kuipima, mpaka siku mama mmoja wa jumuiya yetu alipotuletea mkufu.

Mama huyo ni mjane. Marehemu mumewe alimnunulia mkufu ule baada ya msimu mzuri huko Mongbwalu. Mwishoni mwa Mei 2021, washambulizi walipoingia Boga na Tchabi usiku na kuua watu wengi, alikimbia na wajukuu wawili, mkufu akiwa ameufunga katika pindo la kitenge. Sufuria aliziacha, mkufu hakuuacha. Sasa mjukuu mkubwa, aliye sekondari, alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa malipo ya masomo. Mama akatuomba tuupeleke Bunia tukamuuzie, kwa kuwa alituamini.

Kabla ya safari tuliuchunguza. Karibu na kifungo palikuwa na chapa ndogo: 750. Mwenzetu aliyewahi kufanya kazi machimboni alitueleza maana yake. Dhahabu safi huhesabiwa kuwa ya karati 24. Namba 750 yasema kwamba katika sehemu elfu moja, 750 ni dhahabu, na zilizobaki ni madini mengine, kama fedha na shaba, yanayotiwa ili kuipa ugumu. Hiyo ndiyo karati 18. Namba 585 ni karati 14, na 375 ni karati 9. Tukausogezea sumaku, haukunaswa. Tukafurahi, tukaanza kupiga hesabu ya fedha.

Huko Bunia mnunuzi aliisoma chapa kwa kioo cha kukuzia, asiseme neno. Akausugua mkufu juu ya jiwe jeusi, ukaacha mstari wa manjano. Akadondosha tone la tindikali; mstari ukafifia kidogo, ukabaki. Tulidhani kazi imekwisha. Lakini yeye akachukua tupa, akakikwaruza kifungo hadi ndani, akasugua tena mahali palipokwaruzwa. Safari hii tone lilitoa mapovu, likageuka kijani, na mstari ukafutika wote.

“Ni shaba iliyopakwa dhahabu,” alisema. “Sumaku hukamata chuma, shaba haiijali. Na chapa hugongwa kwa mkono wa mtu.”

Njiani mmoja wetu alisema: “Chapa ipo, wala si sisi tulioigonga. Sokoni wapo wanunuzi wasio na jiwe wala tindikali. Tumuuzie mmoja wao, mtoto arudi shuleni.” Twaungama mbele yenu kwamba hakuna aliyemjibu upesi. Neno lile lilikuwa limevaa sura ya huruma, na sote tulikuwa tumemwona yule mtoto ameketi nyumbani saa za masomo.

Ndipo mwingine akamtaja Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, kijana mlei wa Goma. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zinazoingia nchini. Alipewa fedha ili apitishe chakula kilichoharibika. Akakataa, na mwaka 2007 akauawa. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri huko Roma. Yeye alijua kwamba baada ya mhuri wake kuna mtu atakayekula chakula kile. Sisi nasi tulijua kwamba baada ya chapa ile kuna mtu atakayetoa fedha zake, labda mjane mwingine, ili asomeshe mjukuu mwingine.

Tulirudi na mkufu. Kumweleza mama kulikuwa kugumu kuliko safari yenyewe. Aliugeuzageuza mkononi kwa muda mrefu, kisha akasema: “Kumbe naye walimdanganya. Fedha aliyoitoa ilikuwa ya jasho la kweli.” Akauvaa shingoni. “Msimuuzie mtu,” akatuagiza.

Majuma matatu tulilima mashamba ya watu kwa kibarua. Tulichopata hakikutosha malipo yote, ila sehemu ya kwanza ililipwa, na mtoto akapokelewa darasani.

Wapendwa, Mtume Petro, katika sura ya kwanza ya waraka wake wa kwanza, aifananisha imani na dhahabu ijaribiwayo kwa moto. Sisi tunazo alama nyingi: fulana ya chama, rozari shingoni, kiti katika kwaya. Hizo ni njema, lakini hugongwa kwa mkono wa mtu, na aweza kuzivaa yeyote. Muhuri wa Ubatizo na Kipaimara ni mwingine, kwa maana ameutia Mungu mwenyewe, na haudanganyi. Swali ni kama maisha yetu yanaushuhudia pale tupa inapofika ndani, yaani penye njaa, penye fedha, penye nafasi ya kudanganya bila kuonekana.

Liko jambo moja la kututia moyo. Shaba haiwezi kugeuka dhahabu kwa kusuguliwa. Mwanadamu aliyeonekana upungufu wake aweza kutubu, akaungama, akaanza upya. Sisi wenyewe tulipungua pale njiani, tuliponyamaza kwa muda ule wote, na Bwana akatuvumilia.

Katika mkutano wenu ujao jiulizeni: ni wapi tumetegemea chapa ya wengine ili tusiulizwe ukweli? Na ni nani atakayelipa gharama ya uongo wetu?

Mwenye Heri Floribert, utuombee.