Maji ya Nairobi Yajayo Pwani

Sisi tukaao Malindi twapenda kusema kwamba Nairobi ni mbali. Mto hausemi hivyo. Mto Nairobi huingia katika mto Athi. Athi ukiisha kukutana na mto Tsavo huitwa Galana. Na Galana ukikaribia pwani huitwa Sabaki, nao humwaga maji yake baharini kaskazini ya mji wetu. Kando ya mto huo huo, huko Baricho, ndiko yavutwako maji tuyanywayo na kutawadhia. Basi tulipojaaliwa kufika Nairobi pamoja na vijana wawili wa chuo chetu, tuliazimu kwenda kutazama mji ule hufanya nini na maji yake machafu kabla ya kuyaachia mtoni.

Mahali penyewe ni Ruai, kiasi cha kilomita 30 mashariki ya mji, napo hujulikana kwa jina la Dandora. Tulidhani tutakuta mitambo na moshi. Tulikuta mabwawa, moja baada ya jingine, mapana kama ziwa, na ndege wa majini wasiohesabika. Upepo ulipogeuka tulijua tuko wapi, na kanzu zetu zilijua pia mpaka usiku.

Bwana mmoja mfanyakazi wa hapo, mwenye buti za mpira, alituongoza. Kwanza maji hupita katika vyuma vilivyopangwa kama meno ya kitana, vikazuia matambara, mifuko na vitu tusivyopenda kuvitaja. Kisha mchanga hutuama. Halafu maji huingia katika mabwawa ya kina kirefu, ambamo vijidudu visivyohitaji hewa huula uchafu. Kutoka hapo huingia katika mabwawa ya kina kidogo, yenye rangi ya kijani. Kijani hicho ni mimea midogo isiyoonekana kwa jicho. Ikipigwa na jua hutoa hewa ndani ya maji, na hewa hiyo huvipa nguvu vijidudu vingine vimalize kazi. Katika mabwawa ya mwisho jua huua vijidudu vya maradhi, na mayai ya minyoo huzama chini. Kazi yote ni ya jua, vijidudu na subira. Mahali hapo, baada ya kupanuliwa, palikadiriwa kupokea mita za ujazo 160,000 kwa siku.

Kijana mmoja akauliza, "Maalim, maji haya ya mwisho yafaa kutawadha?" Tulifurahi kwa suali lake. Tukamkumbusha aliyoyasoma: maji mengi yaliyogeuzwa na najisi, mgeuko ule ukiondoka wenyewe katika rangi, tamu na harufu, hurejea kuwa tahiri. Tena mwaka 1978 baraza la wanazuoni wakubwa wa Saudia lilitoa fatwa juu ya majitaka yaliyosafishwa, kwamba yakisafika kabisa hurudi katika utahiri wake. Lakini maji tuliyoyaona yalikuwa na ukijani bado, na harufu kidogo. Tukamwambia, "Haya ni ya kurudishwa mtoni, mwanangu. Wewe tafuta mfereji."

Yule bwana alisikiliza, kisha akasema neno lililotukaa moyoni: "Maalim, mto haudhuriwi sana na yafikayo hapa. Huharibiwa na yasiyofika." Jioni tulipovuka daraja mjini tukayaona: vijibomba vya majumba vikimwaga moja kwa moja mtoni, na vibanda vya vyoo juu ya ukingo. Hatukuwalaumu wakaao humo, maana bomba la majitaka halijawafikia.

Ila safarini, kurudi, kijana wa pili alikaa kimya mpaka Mtito Andei. Hapo akasema, "Na shimo la choo chetu chuoni, je? Ni hatua ngapi mpaka kisimani?"

Hatukuwa na jawabu. Siku ya pili ya kufika, baada ya sala ya alasiri, tulipima. Zilikuwa hatua kumi na nne, na choo kiko upande wa juu. Wazee wa chuo walikutana usiku ule ule. Kisima kimefunikwa, na watoto sasa wachota mferejini hata shimo jipya limalizike kuchimbwa.